Baiskeli Msituni: Burudani ya Mabira na Mizigo ya Ituri

Rwambuzi ni mmojawapo wa mitaa ya Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri nchini Kongo, na mkazi wake anayetaka kuufikia msitu mkubwa kwa baiskeli, ambayo wenyeji huiita kinga, hana budi kwanza kuupa mgongo ukanda wa nyasi na vilima uliouzunguka mji huo, ulioko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari. Barabara humteremsha kuelekea kusini-magharibi kwa takribani kilomita 75 hadi Komanda, mahali ambapo njia hugawanyika mara mbili: moja hushika upande wa kusini kwenda Beni, na nyingine hugeukia magharibi na kuzama msituni kupitia Mambasa, Epulu na Nia-Nia hadi Kisangani. Katika njia hii ya pili baiskeli imekuwa chombo cha kazi kwa miaka mingi, hasa katika nyakati ambazo magari yalishindwa kupita, na waliozoea kuiona ikisukumwa chini ya shehena ya mawese huenda wakashangaa kusikia kwamba kwingineko duniani, na hata katika nchi jirani ya Uganda, watu hulipa fedha ili wapande baiskeli msituni mchana kutwa na kulala hemani usiku.

Makala haya yanazitazama shughuli hizo mbili kwa pamoja, yaani mchezo wa baiskeli za milimani unaofanywa na watu waliopiga kambi, na biashara ya baiskeli za mizigo katika msitu wa Ituri, kwa hoja kwamba zote mbili zimejengwa juu ya ujuzi wa namna moja. Anayestarehe na anayetafuta riziki husoma mizizi ileile, huogopa utelezi uleule, na huihesabu siku yake kwa kulitazama jua. Kinachowatenganisha ni usalama wa njia, pamoja na swali la nani anayeilinda na nani anayefaidika nayo.

Chimbuko la baiskeli ya milimani

Baiskeli ya milimani ni ile iliyoundwa kwa ajili ya njia zisizo na lami: tairi zake ni pana na zina meno makubwa, gia zake ni nyingi na nyepesi kwa ajili ya kupanda, breki zake zina nguvu, na nyingi za siku hizi zina shokomzoba, yaani springi au mitungi ya hewa inayopunguza mshtuko wa gurudumu linapogonga jiwe au mzizi. Chombo hiki hakikuzaliwa kiwandani. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, walianza kukusanya baiskeli kuukuu za chuma, nzito na zenye tairi nene, zilizotengenezwa miongo kadhaa kabla yao, na kushuka nazo kwa kasi katika njia za vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lao la kwanza katika mteremko ulioitwa Repack, unaoshuka karibu mita 400 katika umbali wa kilomita 3 na ushei. Breki zao, ambazo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na zilishikwa kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, zilipata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, ikawa lazima kitovu kifunguliwe na kupakwa grisi mpya baada ya mteremko.

Kutokana na majaribio hayo, Joe Breeze alitengeneza mwaka 1977 baiskeli mpya iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara ya kuuza baiskeli ambazo fremu zake ziliundwa na fundi Tom Ritchey. Mashindano ya dunia yaliyotambuliwa rasmi yalifanyika kwa mara ya kwanza Durango, Colorado, mwaka 1990, na mwaka 1996 mchezo huo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Ikumbukwe, basi, kwamba mama wa baiskeli zote za kisasa za msituni ni baiskeli nzito ya chuma yenye gia moja, ambayo kwa umbo na tabia haikuwa mbali sana na zile ambazo mafundi wa Bunia na Mambasa wamezifungua na kuzifunga maisha yao yote.

Siku katika msitu wa Mabira

Kwa msomaji wa Ituri, mahali pa karibu panapoweza kuonyesha mchezo huu ukifanywa pamoja na kupiga kambi ni msitu wa Mabira nchini Uganda, ulio kando ya barabara kuu ya Kampala na Jinja, wenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 300. Karibu na maporomoko ya Griffin, upande wa Lugazi, ipo kambi inayoendeshwa na jumuiya ya wanavijiji iitwayo MAFICO, ambako mgeni huweza kulala, kukodi baiskeli na kuongozwa katika njia za msituni na kijana wa kijiji anayezijua. Siku ya namna hiyo ina mpangilio wake, na kila hatua ina sababu.

Kazi ya kwanza ya asubuhi ni kupima upepo wa tairi. Katika lami, tairi iliyojaa sana huenda kwa wepesi, lakini msituni tairi ya namna hiyo hurukaruka juu ya mizizi na kuteleza, ndiyo maana waendeshaji huipunguza upepo kidogo ili mpira utandazike na kushika ardhi. Hata hivyo kupunguza kuna mpaka wake, kwa kuwa tairi iliyolegea mno ikigonga jiwe kwa nguvu, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na rimu, na pancha inayotokea huwa na matundu mawili yaliyo sambamba badala ya moja. Mwongozaji mzoefu huikandamiza tairi kwa kidole gumba, akaridhika au akaongeza pampu mbili tatu, kisha huzungusha kila gurudumu huku akitazama nafasi kati ya rimu na breki ili ajue kama kuna spoku iliyolegea.

Njia inayopendwa zaidi na waendeshaji hawa ni ile nyembamba ya mguu, yenye upana wa mtu mmoja, inayopinda kuufuata mti na kushuka kuufuata mkondo wa maji. Katika njia hiyo, kanuni kuu ni kwamba macho hutangulia gurudumu: anayeitazama tairi yake huuona mzizi akiwa tayari ameufikia, ilhali anayetazama mbele hatua kadhaa hupata muda wa kuchagua pa kupita. Mzizi uliolala kwa mshazari ndio adui mkubwa, hasa ukiwa umelowa, kwa sababu gurudumu la mbele huufuata mzizi badala ya kuuvuka, na ndiyo maana mwendeshaji hujitahidi kuukabili kwa pembe mraba, akiwa ameachia breki na kunyanyua kidogo uzito wake kutoka kwenye usukani. Breki hushikwa kabla ya kona na si ndani yake. Kwenye mteremko mkali kiti huteremshwa na mwili husogezwa nyuma, na kwenye mpando mwendeshaji hubaki ameketi, akitumia gia nyepesi, kwa kuwa akisimama uzito huliacha gurudumu la nyuma nalo huanza kuzunguka bure.

Mvua hubadilisha hesabu yote hiyo. Udongo mwekundu wa maeneo haya ukilowa hugandamana kwenye tairi hadi meno yakajaa na gurudumu likakwama kwenye fremu, na hapo hakuna ufundi wa kuendesha unaosaidia. Baiskeli hubebwa begani au hukwanguliwa kwa kijiti. Kupita katika njia iliyolowa kuna dhara jingine pia, kwani alama ya tairi huwa mfereji, mvua inayofuata huufuata mfereji huo, na baada ya misimu michache njia ya mguu huwa korongo. Kwa sababu hiyo wanaotunza njia za msituni huzikata kwa mshazari kwenye mlima badala ya kuzishusha moja kwa moja, ili maji yavuke njia na kuendelea na safari yake, yasigeuze njia kuwa mto.

Jioni ina hesabu zake pia. Karibu na Ikweta jua halichelewi wala haliwahi sana mwaka mzima, na chini ya matawi giza hutangulia kuingia kabla ya machweo yenyewe, hivyo msafara mzuri hurudi kambini mapema ili hema zisimamishwe kukiwa na mwanga, mbali na mti wenye matawi makavu yanayoweza kudondoka usiku na mbali na mapito ya siafu. Mnyororo hufutwa matope na kutiwa mafuta usiku uleule, kwa sababu matope yaliyokauka hula vyuma, na mwendeshaji asiyefanya hivyo hugundua kosa lake asubuhi, pedali zikiwa nzito na gia zikikataa kushika.

Njia ya mizigo ya Ituri

Ujuzi huohuo, ukiondolewa starehe na kuongezewa uzito, ndio uliowalisha watu katika njia ya Kisangani. Vita vilivyoanza mwaka 1998 viliigawa Kongo, vikasimamisha usafiri wa mtoni na kuiacha barabara ya msituni imezwe na matope na magugu, na katika mji wa Kisangani, ambako majeshi ya kigeni yalipigana kwa siku sita mwezi Juni 2000, baiskeli zilizobeba abiria, maarufu kwa jina la toleka, zilichukua nafasi ya magari yaliyokosa mafuta. Nje ya mji, wachuuzi walisukuma baiskeli zilizosheheni chumvi, sabuni, vitenge na bido za mawese kwa safari za siku nyingi, wakilala vijijini kando ya njia.

Inafaa kueleza namna baiskeli hiyo inavyofanya kazi, maana jicho la haraka hudhani ni suala la nguvu tu. Mzigo hufungwa kwenye keria na pembeni mwa fremu kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka kwenye tyubu chakavu, na kwa kuwa hakuna tena nafasi ya mtu kuketi, mchuuzi hutembea upande wa kushoto. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani na kutokeza nje, nayo humwezesha kuongoza bila kuinama juu ya mzigo. Fimbo nyingine husimamishwa nyuma ya kiti, nayo ndiyo ya kusukumia kwenye mpando na kuvutia nyuma kwenye mteremko. Mafundi wa njiani huimarisha foku na keria kwa vyuma vya kuchomelea, na bido za mafuta hupangwa chini kadiri inavyowezekana, kwa sababu mzigo uliokaa juu huiangusha baiskeli mara tu gurudumu linapozama kwenye shimo. Kwenye mteremko breki za kawaida hazitoshi, na mchuuzi hutegemea miguu yake, ulegevu wa magoti na uamuzi wa kusimama kabla mwendo haujamshinda. Kwenye daraja la magogo, wawili au watatu husaidiana kuivusha baiskeli moja baada ya nyingine, na ndiyo sababu wengi husafiri kwa makundi.

Mpangilio huo wa fimbo mbili haupatikani Kongo peke yake. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, wapagazi wa Vietnam walisafirisha chakula na silaha milimani kwa baiskeli zilizoongezewa mianzi kwenye usukani na nyuma ya kiti, na nyingi kati yake zilibeba zaidi ya kilo 200. Watu ambao hawakuwahi kuonana walifikia jibu moja, kwa kuwa walikabiliwa na swali moja: namna ya kupitisha mzigo mzito katika njia ya upana wa mtu mmoja.

Kivu na Rwanda zilitoa jibu la mbao. Chukudu ya Goma, ambayo huchongwa kwa mti na kuwekewa magurudumu ya mbao, hushuka milima na magunia ya viazi na makaa bila mnyororo wala pedali. Tom Ritchey, yuleyule fundi wa fremu za California, alipoitembelea Rwanda mwaka 2005 alizikuta baiskeli za mbao zikifanya kazi ya namna hiyo, na kutokana na safari hiyo ulianzishwa mradi wa baiskeli ya chuma yenye sehemu ya nyuma iliyorefushwa kwa ajili ya kupeleka kahawa kiwandani, maana matunda ya kahawa yaliyochumwa huanza kuchacha yakicheleweshwa. Mwaka 2006 yaliandaliwa mashindano yaliyowakutanisha waendeshaji wa baiskeli za mbao na wale wa baiskeli za kisasa, na vuguvugu hilo lilisaidia kuzaliwa kwa timu ya taifa iliyomfikisha Adrien Niyonshuti katika mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London mwaka 2012, ambako pia aliibeba bendera ya nchi yake. Mwezi Septemba 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika Afrika kabla ya hapo. Historia hiyo inaonyesha kwamba umbali kati ya baiskeli ya mzigo na baiskeli ya mchezo huweza kuvukwa ndani ya kizazi kimoja.

Msitu na wenye kambi

Upande wa kupiga kambi, Ituri haina la kuazima. Wambuti, wawindaji na wachumaji wa msitu huu, hujenga vibanda vya mviringo kwa kupinda fito changa na kuziezeka kwa majani mapana ya mongongo yaliyopangwa kama vigae, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanawake na ambayo hukamilika kwa saa chache tu. Kambi ikihamishwa, msitu huyarudisha majani hayo udongoni. Mtu anayesafiri na hema la nailoni hubeba mgongoni kitu ambacho Mmbuti hukikuta kila anapofika. Wambuti pia ndio wanaojua tofauti ambayo mwendeshaji wa baiskeli angeihitaji kuliko nyingine zote, yaani tofauti kati ya msitu wa mbau, mti mkubwa unaotawala maeneo mapana na ambao chini ya kivuli chake vichaka ni vichache kiasi kwamba njia huwa wazi, na msitu ulioota upya kwenye mashamba yaliyoachwa karibu na barabara, ambako majani na mitambaazi huziba kila kitu.

Aliyeingia humo bila ujuzi huo aliulipia: mwaka 1887 msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley, ambao mizigo yake ilibebwa mabegani na mamia ya watu walioandikishwa Zanzibar, uliondoka kambi ya Yambuya mwishoni mwa Juni na kuzifikia nyasi za Ituri mwezi Desemba tu, baada ya njaa na vifo vingi. Walioteseka msituni walikuwa watu wengi wenye mizigo mingi waliolazimisha njia, ilhali wenyeji waliishi humohumo kwa kwenda wachache na kubeba kidogo. Kanuni hiyo bado ndiyo inayomfaa mwendeshaji anayepanga kulala msituni, kwani kila kilo anayoiongeza nyuma ya baiskeli huonekana kwenye mpando wa kwanza.

Sehemu ya msitu huo, yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 13,700, ilitengwa mwaka 1992 kuwa Hifadhi ya Okapi, yenye makao yake Epulu, ikaandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Okapi, mnyama wa jamii ya twiga mwenye milia miguuni, hapatikani kwa asili katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo.

Usalama na mapato

Msitu hauwi uwanja wa mapumziko kwa uzuri wake peke yake, na mifano ya jirani inathibitisha hilo. Msitu wa Karura ulio ndani ya Nairobi, ambao leo hukodisha baiskeli kwa familia za mjini, ulikuwa ukimegwa kwa ajili ya majengo hadi mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipoupigania, akajeruhiwa na walinzi mwezi Januari 1999 alipokwenda kupanda miti. Mabira nayo ilikaribia kupoteza karibu robo ya eneo lake kwa mashamba ya miwa, na mpango huo uliahirishwa baada ya maandamano ya Kampala ya mwezi Aprili 2007 ambayo yaligharimu maisha ya watu. Kwa hiyo njia anazozipita mwendeshaji wa Jumamosi katika misitu hiyo zipo kwa sababu wapo watu walioupa msitu thamani kabla yake.

Hali ya Ituri ni nzito zaidi. Tarehe 24 Juni 2012 wapiganaji wenye silaha walikishambulia kituo cha Epulu, wakaua watu, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale walikufa kutokana na shambulio hilo. Tangu Mei 2021 jimbo limekuwa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa na serikali kwa sababu ya makundi yanayowashambulia raia, na njia ya Komanda ni miongoni mwa zilizoathirika. Katika mazingira hayo, kumshauri kijana wa Rwambuzi afunge hema kwenye keria na kuelekea msituni kungekuwa ushauri mbaya.

Hata hivyo ipo kazi inayoweza kutangulia. Vilima vya nyasi vinavyouzunguka mji, pale ambapo wakuu wa vijiji na vyombo vya usalama wameridhia, vinatosha kufundishia namna ya kuchagua gia, kushika breki na kushuka. Mafundi waliokuwa wakihudumia baiskeli za mizigo, ambao wengi wamehamia kwenye pikipiki, wanaweza kufundisha kunyoosha rimu na kuziba pancha bila duka la vipuri. Siku barabara itakapotulia, waongozaji wa kwanza wanapaswa kuwa wale waliozijua njia hizo kwa kuzitolea jasho, yaani wachuuzi waliosukuma mawese na Wambuti wanaoufahamu msitu nje ya barabara, kwa makubaliano na taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi, na ada ya mgeni ikigawanywa kijijini kwa utaratibu ulioandikwa na kujulikana na wote. Wanavijiji wa Mabira walianza kwa baiskeli za kukodi, kambi ya kawaida na vijana wanaolijua pori lao, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Ituri ingelazimika kukiagiza kutoka mbali.